MAZIWA YAKIKATIKA, USIYAMWAGE
Mafundisho ya jikoni toka inchi ya Bengali

Mama msomaji, bila shaka jambo hili limekwisha kukupata. Umenunua maziwa kwa feza ya shida. Umeyaweka juu ya mbabula, kiisha ukatoka kidogo kuangalia mtoto anayelia. Uliporudi, kumbe, maziwa yamekatika! Maji ya kijani yamebaki mu sufuria, na vipande vyeupe vinaelea juu. Moyo unauma. Watoto wanakutazama. Wengi wetu tunatoka inje na kuyamwaga.

Lakini kuna watu ambao hawayamwagi. Zaidi ya hayo, wanayakata kwa kusudi! Wanachukua maziwa mazuri, wanayachemsha, wanatia ndimu mpaka yakatike, na kwa vile vipande vyeupe wanatengeneza vitamu ambavyo watu wanavipenda kupita vyote siku ya arusi, siku ya sikukuu, na siku mtoto anafaulu masomo. Watu hao ni Wabengali.

Leo twende jikoni kwao. Na nyinyi wababa, msiruke ukurasa huu mkisema ni mambo ya wanawake paka. Kule Kolkata watengenezaji wa vitamu wenye sifa ni wanaume. Vijana pia, karibuni. Shikeni kisu na mwiko.

BENGALI NI WAPI?

Bengali ni inchi ya mito. Mto Ganga na mto Brahmaputra inashuka toka milima ya Himalaya, inakutana, kiisha inagawanyika tena kuwa mito midogo mingi mbele ya kuingia baharini. Udongo wa pale ni mzuri sana kwa mpunga, na maji yamejaa samaki. Wabengali wenyewe wanapenda kusema kwamba Mbengali anafanywa na samaki na wali, sawa vile sisi tunasema kwamba bila bukari mtu hajala.

Mwaka 1947, Waingereza walipoondoka, inchi ile iligawanywa. Upande wa magharibi ulibaki India. Mji wake mkubwa ni Kolkata, ambao mbele uliitwa Calcutta. Upande wa mashariki ulipewa Pakistan, kiisha mwaka 1971 ukajitawala kwa jina la Bangladesh. Mji wake mkuu ni Dhaka. Wengi wa Bangladesh ni Waislamu, wengi wa Bengali Magharibi ni Wahindu, na Wakristo wako pande zote mbili. Lakini ukiingia jikoni, utaona ndugu wa nyumba moja.

Wasomaji wetu wa Ituri wamekwisha kuwaona watu hao: tangu mwaka 2003 askari wa Bangladesh walifika Bunia katika jeshi la amani la Umoja wa Mataifa. Na nyinyi jamaa za wachimbaji, mjue kwamba Bengali nako kuna migodi. Kule Raniganj walianza kuchimba makala ya mawe mwaka 1774. Baba anayetoka chini ya udongo na uso mweusi, akanawa, akakaa mbele ya sahani, huyo si mgeni kwetu. Tofauti ni kwamba sahani yake ni ya wali na dengu.

CHAKULA KINA MPANGO

Katika nyumba ya Kibengali, siku ya karamu, vyakula haviletwi vyote mara moja. Kila kimoja kina zamu yake, na kila kimoja kinaliwa na wali kidogo, kwa mkono wa kuume.

Kwanza kitu cha uchungu: majani machanga ya mwarubaini yaliyokaangwa na biringani, ao tunda la uchungu liitwalo karela. Wazee wanasema uchungu unasafisha kinywa na kufungua tumbo. Watoto wananung'unika, sawa watoto wa pote. Kiisha dengu na mboga za kukaanga. Kiisha samaki. Kiisha nyama, kama iko. Kiisha kachumbari ya kupikwa, chachu na sukari pamoja. Mwisho kabisa, kitamu cha maziwa.

Kumbuka mpango huu: uchungu mbele, utamu mwisho. Sisi pia leo tutaufuata.

DENGU ZA KILA SIKU

Chakula hiki kinapikwa karibu kila siku, kwa tajiri na kwa maskini. Siri yake ni mbegu tano ambazo Wabengali wanaziita panchi foroni, maana yake viungo vitano: uwatu, habasoda, jira, shamari na haradali. Haradali unaijua: ni ile mbegu ndogo ya mfano wa Injili. Mbegu hizi hazisagwi. Zinatupwa nzima katika mafuta ya moto, zinapasuka na kulia, na harufu inajaa nyumba. Kama hukupata zote tano, anza na jira na haradali tu.

Vitu vya kutafuta: dengu nyekundu gramu 200, manjano nusu ya kijiko kidogo, chumvi, mafuta vijiko vikubwa 2, panchi foroni kijiko kidogo 1, pilipili kavu 2.

Namna ya kupika: Osha dengu mpaka maji yawe safi. Tia katika litri 1 ya maji pamoja na manjano. Povu ikipanda, iondoe kwa kijiko. Acha zichemke kwa moto mdogo dakika 20 mpaka 25, mpaka zivunjike zenyewe. Tia chumvi. Sasa pasha mafuta katika kikaango kidogo, tupa pilipili na zile mbegu, hesabu mpaka kumi, kiisha mwaga yote juu ya dengu na funika mara moja. Njo kusema, harufu isitoroke!

Mchuzi huu ni mwepesi. Ni wa kumwagia wali. Kwa watu sita unatosha.

SAMAKI WA MCHUZI

Samaki anayependwa kupita wote ni ilishi. Anaishi baharini, lakini anapanda mito kutaga mayai, na njo pale wavuvi wanamngoja. Bangladesh imemfanya samaki wa taifa. Mama wa Kibengali anamwoka katika haradali iliyosagwa na pilipili mbichi. Na hapa kuna akili: haradali inasagwa pamoja na chumvi na pilipili ile, ili isiwe chungu.

Kwa kila siku wanapika mchuzi uitwao joli, kwa samaki wa mto ao wa kisima. Tilapia, ambaye sisi pia tunamjua, anafugwa sana Bangladesh, basi unaweza kumtumia.

Vitu vya kutafuta: vipande 6 vya samaki, manjano kijiko kidogo 1, viazi vya ulaya 2, nyanya 1, tangawizi iliyopondwa kijiko kidogo 1, jira iliyosagwa kijiko kidogo 1, pilipili mbichi 3, mafuta, chumvi.

Namna ya kupika: Paka samaki chumvi na nusu ya manjano, umwache dakika 15. Mkaange kidogo kila upande, kiisha mtoe. Katika mafuta yaliyobaki, kaanga viazi vilivyokatwa marefu. Tia tangawizi, jira, manjano iliyobaki na nyanya, koroga mpaka mafuta yajitenge. Mwaga vikombe 3 vya maji ya moto. Viazi vikikaribia kuiva, rudisha samaki na pilipili, acha dakika 5 mpaka 7. Usikoroge kwa nguvu, samaki atavunjika.

Wao wanatumia mafuta ya haradali, ambayo yana ukali unaopanda mpaka puani. Mafuta ya karanga ao ya alizeti yatafaa, lakini harufu haitakuwa ileile.

Tena angalia: pilipili, nyanya na viazi vya ulaya si vya Bengali tangu zamani. Vilitoka Amerika, na Wareno njo walivisambaza kwa mashua zao. Ni Wareno walewale waliofika mlango wa mto Kongo katika miaka ya 1480. Muhogo na mahindi, yaani sombe yetu na bukari yetu, vilitufikia kwa njia hiyohiyo. Basi usiseme haraka kwamba chakula fulani ni cha wageni. Mama wa pale na mama wa hapa, wote wawili walipokea kitu kigeni wakakifanya chao.

MAGANDA, NA MAMA ALIYEKATAZWA SAMAKI

Sasa tufike kwa uchungu wenyewe.

Zamani, kati ya Wahindu wa Bengali wa jamaa za juu, mwanamke akifiwa na bwana alivaa nguo nyeupe na kuwekewa amri nyingi. Hakuna samaki. Hakuna nyama. Hakuna mayai. Hakuna kitunguu wala kitunguu saumu. Hata dengu nyekundu, zile tulizozipika sasa hivi, alikatazwa. Alikula mara moja kwa siku, na siku zingine alifunga kabisa. Na kwa kuwa mabinti waliolewa wakiwa watoto, wengine walikuwa wajane mbele hawajafika miaka kumi na tano. Mwalimu mmoja wa Kolkata, Ishwar Chandra Vidyasagar, aliwapigania kwa maandiko na maombi mengi kwa serikali. Mwaka 1856 sheria ikatoka ya kuruhusu mjane aolewe tena. Sheria ilitoka siku moja. Desturi ilichukua miaka mingi sana.

Wajane hao walifanya nini jikoni? Walipewa mabaki, wakayafanya karamu. Walipika ua la mgomba lililokatwa ndogondogo. Walipika moyo wa shina la mgomba. Walichukua maganda ya mumunye, wakayakata nyembamba sawa nyuzi, wakayakaanga na habasoda na pilipili. Pahali pa kitunguu walitia tangawizi na jira. Leo vyakula vyao vinaliwa na watu wote na kusifiwa, hata katika hoteli kubwa. Lakini wengi wanaokula hawakumbuki tena machozi yaliyovipika.

Msomaji, usifikiri ni mambo ya mbali. Kwetu pia tumeona jamaa ya marehemu wanakuja mbele ya siku arobaini, wanachukua kitanda, wanachukua redio, wanachukua mpaka sufuria ya mjane. Ukimnyang'anya mtu sufuria, umemnyang'anya nini? Jibu mwenyewe.

Jaribu basi maganda hayo. Osha mumunye vizuri, menya ganda nene kidogo, likate nyembamba kabisa. Pasha vijiko 2 vya mafuta, tupa nusu ya kijiko kidogo cha habasoda na pilipili 1. Tia maganda, chumvi na manjano kidogo, funika dakika 10, kiisha funua na ukaange mpaka yakauke. Nyama ya mumunye yenyewe bado iko, utaipika kesho. Mboga moja, siku mbili.

MWAKA 1943: MAJI YA WALI

Wabengali wengi wanapika wali katika maji mengi, kiisha wanamwaga yale maji mazito meupe. Yanaitwa feni. Kwa siku za kawaida ni chakula cha ng'ombe, ao ni ya kutia ugumu katika nguo.

Mwaka 1943 watu walipita nyumba kwa nyumba katika njia za Kolkata wakiomba maji hayo. Hawakuomba wali, kwani walijua hakuna atakayewapa. Waliomba feni paka. Njaa ile iliua watu karibu milioni 3, wengi wao watu wa vijijini: wafanyakazi wa mashamba, wavuvi, wenye mashua.

Kulikuwa na vita. Mwaka 1942 Wajapani waliteka Burma, na mchele wa kule haukuja tena. Mwezi wa kumi mwaka ule dhoruba kubwa iliharibu mashamba ya pwani. Serikali ya Waingereza ilikuwa imechukua na kuharibu mashua nyingi, ili adui asizitumie. Bei ikapanda, ikapanda tena.

Katika siku zile kulikuwa mtoto wa karibu miaka kumi jina lake Amartya Sen. Babu yake alimruhusu kuwapa waombaji mchele, lakini kwa kipimo: kopo moja la sigara kwa kila jamaa. Mtoto yule hakusahau kopo lile. Alipokuwa mtu mzima na mwalimu wa mambo ya uchumi, alichunguza hesabu za mwaka ule. Akaonyesha mwaka 1981, katika kitabu chake, kwamba shida kubwa haikuwa kukosa mchele tu. Mchele ulikuwako; lakini mshahara wa mfanyakazi ulibaki pale pale wakati bei ilikimbia. Mtu alikufa na njaa karibu na gala. Mwaka 1998 alipewa zawadi ya Nobel.

Wewe unayeishi karibu na machimbo, je, unahitaji kuelezwa zaidi? Unajua maana ya mshahara unaochelewa na unga unaopanda bei kila juma.

Kwa hiyo, maji ya wali usiyadharau. Yatie katika dengu ao katika mboga pahali pa maji ya bure.

SASA MAZIWA

Tumekula uchungu, sasa utamu.

Waandishi wengi wa historia ya chakula wanasema kwamba Wahindu wa zamani waliona kukata maziwa kwa kusudi ni vibaya, na kwamba Wareno waliokaa Bengali, kando ya mto Hugli, njo waliwazoesha watu kutengeneza jibini. Wengine wanabisha, wanasema Wahindi walijua tangu zamani. Sisi hatutawaamua. Neno la kweli ni hili: hakuna waliofanya mambo mengi na maziwa yaliyokatika kupita Wabengali. Vile vipande vyeupe wanaviita chhana.

Kutengeneza chhana: Chemsha litri 1 ya maziwa ya ng'ombe yenye mafuta yake. Yakipanda, yatoe kwa moto, ngoja dakika 2. Changanya vijiko vikubwa 2 vya maji ya ndimu na vijiko 2 vya maji, mwaga kidogo kidogo huku ukikoroga polepole. Yakikatika na maji kuwa ya kijani, simama, usizidishe ndimu. Mwaga katika kitambaa safi chembamba, osha kwa maji baridi ili chachu iondoke, funga, tundika dakika 30. Usikamue mpaka ikauke kabisa. Ibaki na umaji kidogo.

Yale maji ya kijani usimwage. Yatie katika dengu, ao ukandie unga wa chapati. Ukiyaacha mpaka kesho yatakuwa machachu, na watengenezaji wa vitamu wanayatumia kukata maziwa mengine pahali pa ndimu.

Na kama huna maziwa ya ng'ombe? Maziwa ya unga yenye mafuta yatakatika pia: gramu 130 kwa litri 1 ya maji. Lakini chhana yake ni ngumu kidogo, itafaa kwa sandeshi kuliko kwa rosogola. Angalizo moja: maziwa mazima yaliyokatika juu ya uchachu kidogo yanafaa, lakini maziwa yenye harufu mbaya ao ladha ya kuoza, hayo hapana. Hayo njo ya kumwaga.

Sandeshi: Neno hili maana yake habari. Mtu akipeleka habari kwa jamaa nyingine, habari ya uchumba ao ya kuzaa, hakwenda mikono mitupu. Alibeba kitamu hiki. Chukua chhana ya litri 1, ikande kwa kiganja dakika 5 mpaka iwe laini. Changanya na sukari vijiko vikubwa 4. Weka katika kikaango juu ya moto mdogo sana, geuza bila kuacha dakika 6 mpaka 8, mpaka ianze kuachana na kikaango. Ondoa upesi, ukichelewa itakuwa mchanga. Tia iliki kidogo, finyanga vipande 12. Kule wanavichapa katika vibao vya kuchonga vyenye sura ya samaki, ua ao jani.

Katika majira ya baridi hawatii sukari, wanatia sukari ya mtende. Mgema anapanda jioni, anakwaruza shina, anatundika chungu, na mbele ya jua kutoka anashusha utomvu. Wagema wa malafu, kazi hii wanaijua! Lakini utomvu ule unachemshwa mpaka uwe mweusi na mzito, na harufu yake sawa moshi na asali.

Rosogola: Hii njo mfalme. Chhana inakandwa dakika 8 mpaka 10, mpaka kiganja kiwe na mafuta kidogo. Finyanga viduara 12 bila ufa hata mmoja. Chemsha vikombe 5 vya maji na kikombe 1 na nusu cha sukari katika sufuria pana. Yakichemka sana, tia viduara, funika, acha moto mkali dakika 15. Vitavimba mara mbili. Viache vipoe ndani ya maji yao. Kama vimevunjika, ujue hukukanda sawasawa ao chhana ilikuwa na maji mengi. Usihuzunike, mara ya pili itakubali.

Kule Kolkata, katika mtaa wa Bagbazar, wanasema Nobin Chandra Das ndiye aliyeitengeneza mwaka 1868 namna ya kuwa sawa sifongo. Jirani zao wa jimbo la Odisha wanasema hapana, sisi tulikuwa nayo hekaluni kule Puri tangu zamani. Walibishana mpaka serikalini! Mwaka 2017 Bengali Magharibi ilipewa hati ya jina kwa rosogola ya namna yake, na mwaka 2019 Odisha nayo ikapewa hati ya namna yake. Njo hivi ugomvi wa jikoni uliisha bila kupigana.

Payeshi: Hii haitaki kukata maziwa. Chemsha litri 1 ya maziwa na jani 1 la lore mpaka yapunguke kidogo. Tia gramu 50 za mchele ulioshwa. Koroga mara kwa mara dakika 30 mpaka 40. Wali ukilainika kabisa, tia gramu 80 za sukari na iliki 2. Usitie sukari mbele, wali utakataa kulainika. Payeshi ni ya siku ya kuzaliwa, na njo chakula cha kwanza anachoonjeshwa mtoto wa karibu miezi sita, jamaa yote wakimzunguka. Mbele ya miezi sita mtoto ni wa maziwa ya mama yake tu, na hata kiisha aendelee kunyonya.

Mishti doi: Ni maziwa ya kugandisha yenye sukari. Chemsha litri 1 mpaka ibaki kama theluthi mbili. Choma vijiko 4 vya sukari katika kikaango mpaka iwe rangi ya kahawia, ichanganye mu maziwa. Yakipoa mpaka kidole kinavumilia, tia vijiko 2 vya maziwa ya mgando, mwaga katika chungu cha udongo, funika kwa blanketi usiku mzima, bila kukitikisa. Udongo unanywa maji, na doi inakuwa nzito. Doi ya Bogura, kule Bangladesh, inasifiwa sana.

Lakini tuseme kweli: sukari ni nyingi katika vitamu hivi. Kipande kimoja kwa mtu kinatosha. Mgonjwa wa sukari asile.

MAZIWA NI YA NANI?

Mwaka 1965 maziwa yalikuwa machache kule Kolkata. Serikali ya jimbo, iliyoongozwa na Prafulla Chandra Sen, ikatoa amri: vitamu vya chhana ni marufuku. Fikiri, sawa vile serikali yetu ikataze bukari! Watengenezaji walilia kazi yao, watu walikasirika, na amri ile haikudumu. Lakini ulizo lake lilibaki: maziwa yakiwa kidogo, nani anywe kwanza?

Ni ulizo la kila nyumba. Siku ya karamu, mara nyingi wageni wanakula, baba anakula, vijana wanakula, na mama aliyepika anakwangua sufuria. Bibi mjane anayekaa chumba cha nyuma anapewa mifupa. Kama umejifunza rosogola lakini nyumbani mambo ni vile, hukujifunza kitu.

Basi fanya hivi Siku ya Mungu inayokuja. Nunua litri 1 ya maziwa, moja tu. Tengeneza sandeshi vipande 12. Tia maji ya kijani katika dengu, maji ya wali katika mboga, kaanga maganda. Utalisha watu wanane, na hakuna kitu kitakachomwagwa. Kiisha, mbele ya mtu yeyote hajagusa sahani, mtume mtoto apeleke kipande cha kwanza kwa mjane wa jirani. Aseme paka: "Mama amenituma, anakusalimia." Sandeshi maana yake habari, na hiyo ni habari njema.

Maulizo ya kuzungumza nyumbani:

1. Kwetu nyumbani tunamwaga nini kinachoweza kuliwa?
2. Nani anakula mwisho, na kwa sababu gani?
3. Katika jamaa yetu, mjane anaachiwa nini? Tufanye nini mbele ya kifo kufika, ili asinyang'anywe?
4. Ninyi vijana wanaume, nani kati yenu atakanda chhana?